Vitone vinne chini ya neno "Tanganyika": naandaa miswada ya babu, naomba tusaidiane kuisoma

#1 Mjukuu wa Karani

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome kesho. Mwishoni kuna swali limenishinda, na naamini humu kuna watu wa ushairi, wa maktaba na wa kompyuta watakaonisaidia.

Babu yangu mzaa mama alikuwa karani bandarini hapa Dar es Salaam, na alikuwa mshairi. Hakuchapisha kitabu hata kimoja. Alifariki 1991, akaacha kaunta buku nne, madaftari tisa ya shule na bahasha mbili zilizojaa karatasi za mojamoja. Kurasa zenye mwandiko ni 611. Huu ni mwaka wa tatu niko nazo hapa Magomeni, nikiandaa toleo la kitaaluma la mashairi yake.

Nasema la kitaaluma kwa maana hii: msomaji akifungua kitabu aweze kujua kila neno limetoka wapi. Lipi babu aliliandika kwanza, lipi alilikata, lipi aliliongeza juu ya mstari, na lipi nimelikisia mimi kwa sababu panya au unyevu ulitangulia. Kazi ya mikono miwili isichanganywe ikaonekana ya mkono mmoja.

Mwaka wa kwanza niliichanganya. Nilikaa na kompyuta nikachapa "safi". Palipokatwa nilichukua neno la mwisho. Palipoandikwa "khabari" niliweka "habari". "Kwasababu" nikalitenganisha. Mstari ulipopungua mizani, yaani hesabu ya silabi, nikapachika "na" hapa, "ni" pale, nikiona namsaidia mzee. Miezi minane baadaye nikafika daftari la nne, nikagundua kwamba "khabari" ni ya madaftari ya mwanzo tu, baadaye anaandika "habari". Maana yake tahajia yenyewe ingenisaidia kujua shairi gani ni la zamani. Nikarudi kwenye faili langu kutafuta, nikakuta "habari" kila mahali. Nilikuwa nimefuta saa ya ukutani. Na zile "na" na "ni" sikuweza tena kusema zipi zake, zipi zangu. Nililia, kisha nikaanza upya ukurasa wa kwanza.

Sasa nafanya hivi. Kila ukurasa unapigwa picha kabla sijaugusa zaidi. Nauandika namba kwa penseli laini kwenye kona. Kisha nanukuu mstari kwa mstari kama ulivyo, makosa yote yakiwemo. Lililokatwa naliwekea [k: ], lililoandikwa juu ya mstari [j: ], lisilosomeka vizuri naliwekea alama ya kuuliza. Maandishi ya kusomeka kwa raha yanakuja baadaye kabisa, katika faili lingine.

Swali langu liko hapa. Karatasi ya mojamoja, bahasha ya pili. Nyuma yake ni fomu ya mizigo yenye jina la Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Shirika lile lilianza 1948 na likagawanywa 1969, kwa hiyo karatasi si ya kabla ya 1948. Imeandikwa lini baada ya hapo, fomu haisemi, kwa sababu makarani walikaa na fomu za zamani miaka na miaka. Shairi ni la kijana anayeshuka melini kutoka Lindi:

Nimeshuka bandarini, mizigo yangu nashika,
Upepo wa baharini, usoni unanifika,
Nikajiuliza ndani, lini utapumzika,
Jina lako li moyoni, ewe mama Tanganyika.

Hiyo ni kwa wino mweusi ambao sasa umekuwa kahawia. Halafu amerudi na Bic ya buluu:

Jina lako li moyoni, ewe mama [k: Tanganyika] [j: Tanzania].

Chini ya "Tanganyika" iliyokatwa kuna vitone vinne. Vinne tu, vimepangwa vizuri.

Sijui ni vya nini. Wahariri wa magazeti na wachapaji walikuwa wakiweka vitone chini ya neno lililokatwa kumaanisha "lirudishwe". Babu alikuwa karani, alama hiyo aliijua. Ikiwa ni hivyo, neno analolitaka ni Tanganyika. Ikiwa sivyo, neno la mwisho ni Tanzania. Nichape lipi?

#2 Mwalimu wa Vina

Bibie, umefanya jambo kubwa kuanza upya. Wengi wangechapa lile faili la kwanza na hakuna ambaye angejua.

Kuhusu vitone, mimi jibu langu ni jepesi: ni mizani. Washairi wa kalamu wengi huhesabu kwa vitone au vijistari chini ya silabi. Ta-nga-nyi-ka, nne. Vitone vinne. Alikuwa anapima kama Tanzania inaingia mahali pale: Ta-nza-ni-a, nne pia. Imeingia, amefurahi, ameiandika. Na jina la Tanzania lilianza kutumika rasmi tarehe 29 Oktoba 1964, kwa hiyo ile Bic ya buluu haikupita pale kabla ya siku hiyo. Hapo una tarehe bila yeye kuiandika.

Ila tazama kilichompata baada ya kuliandika. Mizani zimekaa, vina vimevunjika. Ubeti mzima unaishia "ka": nashika, unanifika, utapumzika. Mara "nia". Mshairi wa tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, halali usingizi na ubeti wa namna hiyo. Je, pembeni hakuna majaribio ya mistari mingine?

#3 Mjukuu wa Karani

Shikamoo Mwalimu. Yapo! Niliyaacha ili uzi usirefuke. Pambizo ya kulia, Bic ileile ya buluu, kutoka juu kwenda chini:

mizigo nashikilia
usoni wanijilia
[k: lini utatulia]
[k: lini nitapumzikia]
ni lini utatulia

Chini ya "lini utatulia" kuna vitone saba vya buluu, na cha saba amekikandamiza hadi karatasi imetoboka.

#4 Mwalimu wa Vina

Marahaba mwanangu. Hapo sasa mzee yuko mbele yetu anafanya kazi.

Kwa wasiozoea: kila kipande cha mstari huu kinataka mizani nane. Li-ni u-ta-tu-li-a ni saba, imepungua moja. Ndiyo maana kitone cha saba kimekandamizwa, amefika mwisho na hesabu haijatimia. Akajaribu "lini nitapumzikia". Li-ni ni-ta-pu-m-zi-ki-a, tisa, imezidi, kwa sababu ile "m" ya pumzika ni silabi inayojitegemea. Akarudi, akaongeza "ni" mbele: ni-li-ni u-ta-tu-li-a. Nane. Umeona? Ile "ni" ni yake na ameipata kwa jasho. Ungekuta "lini utatulia" peke yake ukapachika "ni" mwenyewe, ungepata mstari uleule, lakini usingejua kwamba aliufikia kwa kupita kwenye tisa.

Na mizani itakusaidia pia palipoliwa na wadudu. Ukikuta "lini utapu", tundu, kisha "ka", umebakiwa na mizani tano na moja, tundu limebeba mbili. "Mzi" inatosha. Hilo si kukisia kwa hewa. Lakini bado liwekee mabano.

Pambizo hii inanithibitishia: aliukubali ubeti mpya, akautengenezea vina. Chapa Tanzania.

#5 Bi Hati

Habari zenu. Nimefanya kazi na nyaraka miaka mingi, naomba niulize kitu ambacho hakuna aliyeuliza. Vile vitone vinne chini ya Tanganyika ni vya kalamu gani? Wino mweusi, Bic ya buluu, au kitu kingine?

Picha ya simu haitakwambia. Chukua karatasi usiku, zima taa ya juu, washa tochi uilaze ubavuni mwa karatasi, mwanga upite chini kama jua la saa kumi na mbili jioni. Wino wa Bic unachimba karatasi, utaona mfereji. Penseli inang'aa ukiinamisha karatasi. Na tafuta kama kuna vitone vingine vilivyofutwa kwa ufutio, vinaacha kovu.

Wakati huohuo niambie unazihifadhije hizo karatasi. Magomeni wakati wa masika si mahali rafiki kwa karatasi.

#6 Asiye na Makuu

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo wakuu, na sisemi kwa ubaya. Watu wetu hawasomi hata vitabu safi, leo tunataka wasome makato na vitone? Chapeni mashairi mazuri ya mzee yasomeke. Haya mengine yabaki sandukuni kwa familia.

#7 Mjukuu wa Karani

Ndugu Asiye na Makuu, hofu yako naielewa, hata mama yangu aliisema. Kitabu kitakuwa na ukurasa wa kulia wenye shairi safi, herufi kubwa, hakuna mabano. Anayetaka kusoma harusini asome hapo. Ukurasa wa kushoto ndio utakuwa na picha ya karatasi na unukuzi wake. Hakuna atakayelazimishwa kutazama kushoto.

Ila siwezi kukubali kwamba makato ni takataka. Emily Dickinson wa Marekani alifariki 1886 akaacha mamia ya mashairi aliyoyashona kwa uzi katika vijitabu. Mara nyingi aliweka msalaba mdogo kando ya neno, kisha chini ya ukurasa akaandika maneno mengine ambayo yangeweza kukaa pale, na hakuchagua. Waliotoa kitabu chake cha kwanza 1890 walichagua kwa niaba yake, wakanyoosha na vina ambavyo yeye aliviacha vimepinda makusudi. Watu wakamsoma hivyo kwa miongo mingi. Picha za vijitabu vyake vyote zilikuja kuchapwa 1981. Zingekuwa zimetupwa kwa sababu "shairi safi lipo", leo tungekuwa tunasoma wahariri wake.

Bi Hati, nakwenda kuwasha tochi. Kuhusu kuhifadhi, naona aibu kusema. Kabla karatasi hazijafika kwangu, ndugu mmoja katika familia alichukua kurasa 12 alizoziona zimechakaa zaidi akazipeleka steshenari ya mtaani zikalaminishwa. Alikuwa na nia njema kabisa. Aliona vyeti vinalindwa hivyo.

#8 Bi Hati

Pole sana. Usimlaumu, kila siku naona hili. Lakini wengine mnaosoma naomba mshike: laminesheni inapikwa. Karatasi inapita kwenye joto, gundi ya plastiki inaingia ndani ya nyuzi, na haitoki. Huwezi tena kuona penseli inavyong'aa kwa sababu plastiki yenyewe inang'aa. Asidi iliyomo ndani ya karatasi inabaki humo inaendelea kuila. Cheti ukikipoteza unaomba kingine. Mswada hauombwi kingine. Selotepu vilevile: baada ya miaka gundi inageuka njano, inakauka na kuacha doa juu ya maneno.

Hizo 12 ziache zilivyo, usijaribu kubandua. Nyingine toa pini na stepla zilizoshika kutu, taratibu, kwa kisu butu chembamba. Usitie kwenye mfuko wa nailoni, jasho la hewa ya Dar linabaki ndani na ukungu unaota. Funga kwa bafta nyeupe iliyofuliwa bila sabuni ya manukato, weka ndani ya boksi, boksi lisiguse sakafu wala ukuta wa nje. Naftalini usiiweke ndani. Kila wiki fungua, tazama kama kuna unga mwembamba. Ukiuona, mdudu yupo.

Na jambo moja zaidi: zile karatasi za kwenye bahasha usizipange. Andika namba kwa mpangilio ule ule ulioukuta, hata kama ni fujo. Mwandishi Franz Kafka alipofariki 1924 aliacha sura za riwaya yake ya kesi katika mafungu yasiyopangwa, rafiki yake Max Brod akazipanga na kuchapisha 1925. Mpangilio ule mpaka leo wataalamu wanaubishania, na kila mmoja anatamani kujua mafungu yalikaaje mezani siku ile.

#9 Mtoto wa Pwani

Salamu kutoka Unguja. Dada, unayo bahati ambayo huijui. Una mkono wa mshairi mwenyewe.

Sisi wa tendi za zamani tunasoma nakala ya nakala. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mashairi yake tunayoyasoma yalikusanywa miaka mingi baada ya yeye kufa, Mwalimu Sikujua akimsaidia Mwingereza W.E. Taylor, na karatasi zipo chuo cha SOAS, London. Mwandiko wa Muyaka mwenyewe ukikata neno hatunao. Na Kiswahili cha zamani kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu kina mitihani yake: herufi ba moja inaweza kuwa b, inaweza kuwa p, inaweza kuwa mb. Alama ya irabu iitwayo kasra ni i au e, dhuma ni u au o. Mhariri anaposoma "pembe" ameshachagua mara tatu kabla hajamaliza neno. Wahariri wa zamani walichagua bila kutuambia, tukadhani ndivyo mshairi alivyosema.

Ukipata nafasi panda Mlimani, Maktaba ya Chuo Kikuu, uombe kuona mkusanyo wa miswada wa J.W.T. Allen. Katalogi yake ilichapwa 1970. Hapo utaona namna utenzi mmoja unavyokuja kwa mikono mitatu minne, na kila mkono una la kwake.

Kwa hilo neno lako sina kura. Nasubiri tochi.

#10 Mjukuu wa Karani

Nimerudi. Saa tano usiku, umeme upo lakini nimezima.

Vitone vinne ni vya PENSELI. Vinang'aa kijivu. Mstari wa kukata ni wa Bic, una mfereji. Vitone vya pambizoni, vile saba, ni Bic. Chini ya "ewe mama" hakuna kitone wala kovu la ufutio. Chini ya "Tanzania" hakuna. Ukurasa mzima penseli iko mahali pamoja tu, chini ya "Tanganyika".

Mwalimu, naomba unisamehe kukupinga, lakini anayepima mizani hupima kipande kizima, nane, kama alivyofanya pambizoni. Kwa nini apime neno moja na aache mengine mawili?

#11 Mwalimu wa Vina

Hoja yako ina nguvu, siipuuzi. Hata hivyo angeweza kupima neno moja, kwa sababu ndilo lililokuwa linabadilishwa. "Ewe mama" alikwisha kuijua kuwa ni nne. Usikubali mapema.

Nakupa kazi. Pitia kurasa zote 611, andika kila mahali penye vitone: kalamu gani, viko vingapi, chini ya neno gani, na kama shairi lina nakala ya baadaye, neno gani liliishia kwenye nakala hiyo. Mkono wa mtu mmoja hujieleza wenyewe ukiutazama kwa wingi. Alama moja haina kamusi.

#12 Kijana wa Kodi

Mkuu Mjukuu, ukifanya hesabu hiyo usiiweke kwenye daftari tu. Fungua jedwali: namba ya ukurasa, mstari, kalamu, idadi, neno, maelezo. Na zile [k: ] na [j: ] zako ziko karibu sana na mfumo unaoitwa TEI, ambao watu wa maandishi walianza kuutengeneza 1987 ili kuweka alama kwenye matini: hiki kimekatwa, hiki kimeongezwa, huu ni mkono wa pili, hapa mhariri hana hakika. Faida yake ni kwamba faili moja linatoa kurasa zote mbili, wa kulia na wa kushoto. Ukirekebisha sehemu moja, zote zinafuata. Mimi niko Sinza, nitakutengenezea bila malipo.

Picha ziwe na majina yanayofanana na namba za karatasi (bahasha2_014a, bahasha2_014b), na ziwe sehemu tatu, moja nje ya nyumba hiyo.

Programu za kusoma mwandiko nimezijaribu. Nilizojaribu mimi zilihitaji kufundishwa kurasa nyingi za mkono huohuo kwanza, na neno lililokatwa ndilo lililoziangusha zaidi. Kwa kurasa 611, macho yako bado ni bora.

Swali pembeni: ruhusa ya warithi mnayo?

#13 Mjukuu wa Karani

Asante sana ndugu, nakutafuta kwa ujumbe wa faragha. Ruhusa ipo. Wengi hudhani aliye na sanduku ndiye mwenye haki ya kuchapa. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 iliweka ulinzi wa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo, na babu alifariki 1991. Kwa hiyo watoto wake wote walio hai wamesaini, msimamizi wa mirathi akiwa wa kwanza.

Lakini saini hazijamaliza mambo. Mjomba wangu mkubwa, mzee wa miaka 81, anataka iwe Tanzania, na anataka kwa moyo wote. Anasema baba yake alikuwa mzalendo, alikuwepo wakati wa uhuru, na watu wakikuta "Tanganyika" watamdhania vingine. Siwezi kumkatalia mzee kirahisi. Na pia siwezi kuchapa neno kwa sababu linatupendeza.

Nipeni wiki mbili nihesabu vitone.

#14 Mwalimu wa Vina

Wakati tunasubiri, niseme kitu kuhusu nyumba yetu wenyewe. Shaaban Robert alifariki 1962. Kufikirika na Utubora Mkulima vilitoka baada ya hapo, mwandishi hayupo kusoma prufu. Tumevisoma shuleni, tumevifundisha, tumevitungia mitihani. Wangapi tumewahi kuuliza mswada wa mkono ulisema nini mahali fulani? Barua zake kwa mdogo wake Yusuf Ulenge zilichapwa na TUKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na anayezisoma anamwona mtu anayehangaika na wachapaji, na fedha, na karatasi. Hizo barua zimenifundisha mengi kuliko tahakiki nyingi. Zilibaki kwa sababu mdogo mtu alizitunza.

Mkiwa na sanduku la mzee nyumbani, Temeke, Ilala, Kigamboni, popote, tafadhali msilifanyie usafi kabla mtu hajalitazama.

#15 Mjukuu wa Karani

Wakuu, nimemaliza. Imechukua wiki tatu.

Vitone viko sehemu 23. Katika sehemu 19 viko chini ya kipande kizima au mstari mzima, nane au kumi na sita, au saba kama pale pambizoni alipopungukiwa, kwa kalamu ileile iliyoandika maneno. Hizo ni mizani bila shaka, Mwalimu ulikuwa sahihi kwamba alihesabu kwa vitone.

Sehemu nne zilizobaki ni nyingine kabisa. Vitone viko chini ya neno moja tu, neno lenyewe limekatwa, na vitone ni vya kalamu tofauti na ile iliyokata. Moja ya nne hizo ni Tanganyika yetu. Tatu zina nakala ya baadaye katika madaftari. Mbili kati ya tatu, nakala imerudisha neno lililokatwa. Ya tatu, nakala ina neno jipya kabisa ambalo halimo kwenye rasimu. Na idadi: sehemu moja neno ni "moyo", mizani mbili, vitone vitano. Vitone vitano chini ya mizani mbili si hesabu ya silabi.

Nakala ya shairi la bandarini sikuipata. Nilitumaini iko katika zile 12 za laminesheni. Haimo.

#16 Mwalimu wa Vina

Hicho kitone cha tano chini ya "moyo" kimenitosha. Naondoa kura yangu. Vile vinne kuwa sawa na mizani ya Tanganyika imetokea tu.

Lakini angalia usiseme zaidi ya ulichonacho. Mbili kati ya tatu si tatu. Na usije ukaandika kwamba alirudisha Tanganyika kwa sababu kijana wa shairi alishuka melini nchi ikiwa inaitwa hivyo. Hiyo ni sababu nzuri, mimi mwenyewe naipenda, lakini ni ya kwetu. Yeye aliacha vitone.

#17 Bi Hati

Na vina vya pambizoni utavifanyaje? Ukirudisha Tanganyika, ile mistari mitatu mipya inakosa pa kukaa.

#18 Mjukuu wa Karani

Ubeti wa kulia utakuwa ule wa wino mweusi, wote, "ka" hadi mwisho. Ubeti wa buluu nitauchapa kamili chini yake kwa herufi ndogo kidogo, kama ubeti, usibanwe ndani ya tanbihi. Aliutengeneza ukakamilika, una haki ya kusomwa. Sitachanganya mstari wa huku na wa kule kupata "ubora".

Tanbihi nimeiandika hivi: "Mstari wa 4, Tanganyika: limekatwa kwa Bic ya buluu, juu yake Tanzania, si kabla ya mwisho wa Oktoba 1964. Chini ya neno lililokatwa vitone vinne vya penseli, ambavyo mhariri anavichukua kuwa alama ya kurudisha, akilinganisha na sehemu nyingine tatu. Hakika haipo. Pambizoni, vina vipya vya mistari ya 1 hadi 3."

Jana nimepanda mwendokasi hadi Kimara kumsomea mjomba. Nilijiandaa kubishana. Akasikiliza, akaniuliza mara mbili, "Penseli? Una hakika ni penseli?" Nikamwambia ndiyo. Akasema babu alipostaafu, macho yakawa yanamsumbua, Bic alikuwa haioni vizuri inapotoka wino na inapokauka, akawa ananunua penseli nene nyeusi, anazichonga kwa wembe, na hakushika kalamu nyingine tena. Mjomba ndiye aliyekuwa akitumwa dukani.

Hilo sikulijua. Usiku nimefungua daftari la nane na la tisa. Yote penseli, ukurasa hadi ukurasa, na tarehe alizoandika juu ni za 1983 hadi 1990.

Ushuhuda wa mjomba nimeuweka katika tanbihi, peke yake, umeandikwa kuwa ni kauli ya mwanawe, ya mdomo, mwaka huu, usichanganyike na kinachoonekana kwenye karatasi. Nimemuuliza kama niutoe, kwa kuwa unakwenda kinyume na alichokitaka. Akasema uache.